Kumwagilia Jina

Nafungua lango kwa ufunguo uliofungwa kamba ya kiatu.
Saa kumi na mbili. Jua limeanza kule juu mlimani,
linashuka taratibu kama msimamizi mwenye mshahara wa mwezi;
sisi wa Kasese ya bondeni litatufikia likishapenda.

Umeamkaje, Thembo Kighoma?
Leo kongoti amekunyea juu ya herufi ya kwanza.
Nimekuja na kitambaa.

Jiwe lako lilichongwa Kampala, likaletwa kwa lori,
limeviringishwa magunia kama mgonjwa.
Siku ya uzinduzi meya alitamka "shujaa" mara kumi na moja.
Nilihesabu. Nilikuwa nimeshika mpira wa maji
nyuma ya hema, nimeambiwa nisitokee pichani.

Jiwe linasema: *Amelala hapa mtetezi wa wachimbaji na haki za wote.*
Hujalala hapa. Uko Kyarumba, migombani kwa ndugu zako.
Na hayo mengine ni kweli, ila ni kweli iliyopigwa pasi.

Halisemi kuhusu kofia.
Mama yangu, aliyeuza bundu getini, ndiye aliyesema:
kofia za chuma zilikuwa mia moja na hamsini, watu mia nne,
zamu ikitoka inavua, zamu inayoingia inavaa
jasho la mwenzake lingali moto.
Kisha paa la shimo likaanguka juu ya kijana wa Kabale
aliyekuwa kichwa wazi.
Asubuhi ukaenda ofisini, ukaiweka yako mezani kwa mhasibu.
Ukasema, *Hesabu vichwa. Halafu hesabu kofia.*
Ukatoka.
Mama alisikia zilivyogonga meza, moja baada ya nyingine,
mpaka meza ikajaa, zikaanza kugonga sakafu.

Halisemi pia kuhusu choo cha wasimamizi,
kile chenye kufuli, ambacho mtu mweusi alikisafisha tu.
Uliingia mchana kweupe, ukaacha mlango wazi,
ukawaamkia wote waliopita.
Miezi saba jela kwa haja ndogo!
Mama alikuwa hawezi kuimaliza hii. Kicheko kilimkaba.

Waridi za meya zilikufa mwezi wa pili.
Mwezi wa tano Nyamwamba iliingia bila hodi,
ikabeba mabenchi mawili na nusu ya ua,
ikaacha mawe makubwa kama ng'ombe waliolala.
Nimeyapanga njiani. Yamependeza kuliko mchoro.
Na nyuma yako, pasipoonekana kutoka barabarani,
nimepanda dodo. Naamini hukasiriki.
Huwa nachuma za kwangu, nyingine nampa Mbambu anayefagia,
na mzee Oketcho, mlinzi wa usiku, ambaye meno yamemwisha.

Maana, Thembo, nikuambie jambo ambalo naona aibu kukuambia:
tuna mwezi wa tatu hatujalipwa.
Kampuni inasema waulizeni manispaa,
manispaa inasema waulizeni kampuni.
Mkataba hatuna. Tunaitwa vibarua, kila siku upya,
kana kwamba jana hatukuwepo,
kana kwamba nyasi hizi zilijikata zenyewe
kwa heshima yako.

Jana jioni tulikaa kwenye benchi lililobaki.
Mbambu alileta daftari la mwanawe, kurasa za nyuma,
baada ya hesabu za kugawanya.
Tuliandika mistari sita, tukafuta minne.
Oketcho alitia kidole gumba, akakifuta kwenye jiwe lako.
Wino ule sijausugua.

Jumatatu nitaukunja mpira huu wa maji
na kuupeleka ofisini, na ufagio, na tochi isiyo na betri.
Nitaviweka mezani kwa mhasibu. Sijui nitasema nini,
huenda sauti itanikauka.

Kwa hiyo leo nakumwagilia mara mbili.
Kunywa. Shika maji.
Na ukiona maua yananyauka wiki ijayo,
usidhani tumekusahau.